Deni la Karafuu

Mwaka 1933 serikali ya Zanzibar iliwapa maofisa wake wawili, Bartlett na Last, kazi ya kuchunguza madeni ya wenye mashamba wa Unguja na Pemba. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka pamoja na bei za mazao karibu yote duniani. Mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rahani, na wadai, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi, walikuwa wakiyachukua moja baada ya jingine kwa amri ya mahakama. Wachunguzi waliingia kazini hesabu zikiwa bado, lakini jibu lilikuwapo, maana maofisa wa Kiingereza walikuwa wakirithishana jibu hilo tangu karne iliyotangulia. Mwenye shamba, walisema, ni mvivu na mwenye israfu. Anakopa kwa ajili ya arusi, khitma na vilemba vya hariri, wala hajui kesho ni nini. Mhindi naye anakula kwa kujibana, analala juu ya magunia dukani mwake, anaandika kila senti. Mmoja ana moyo wa kutumia, mwingine ana moyo wa kuweka, na shamba linamfuata mwenye moyo wa kuweka kama maji yanavyofuata mteremko. Hata methali ilikuwapo ya kulitia muhuri jambo hilo: kukopa arusi, kulipa matanga.

Hadithi hii ya ofisini ilikuwa na pacha wake barazani. Huko ilisimuliwa kwamba mwenye shamba ni muungwana mkarimu aliyedhulumiwa, na kwamba aliyemdhulumu ni mlafi aliyekuja na mzani wa hila na daftari asiloweza kulisoma mtu mwingine. Kwa haraka zinaonekana kama hadithi mbili zinazopingana. Kwa kweli ni moja iliyogeuzwa upande, kwa sababu zote mbili zinatafuta chanzo cha utajiri na umaskini mahali pamoja, ndani ya kifua cha mtu. Siku hizi tumezifufua kwa lugha mpya. Kuna semina na vitabu vinavyotufundisha kwamba tajiri ana fikra za kitajiri na maskini ana fikra za kimaskini, na kwamba anayebadili tabia zake hubadili mfuko wake. Sisemi tabia hazina kazi. Ninachodai ni kwamba Zanzibar ya karafuu inatuonyesha, kwa ushahidi wa miaka mia na zaidi, jinsi tabia zinavyofinyangwa na mapatano ambayo watu wanaishi ndani yake, na jinsi mtazamaji anavyoweza kuuona mwisho wa safari akadhani ameona mwanzo wake.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu wachambuzi wa tabia aghalabu huusahau. Mkarafuu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na Wafaransa ndio walioutoa huko wakaupanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Kutoka hapo uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi katika kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu wa Omani. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa wakati huo, alipouona unashika, aliwahimiza wenye ardhi waupande. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mnazi mmoja uandamane na mikarafuu mitatu. Sasa, mche wa mkarafuu hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa cha maana. Ukishaanza, huzaa kwa miongo mingi, lakini hauna ahadi: mwaka huu matawi yanainama kwa uzito, mwaka ujao huambulii hata magunia machache. Na yanapotoka matumba, ni lazima yachumwe kabla hayajafunguka, katika muda wa wiki chache, la sivyo yanapoteza thamani. Mnazi unamlipa mwenyewe kidogo kidogo mwaka mzima. Mkarafuu unamlipa kwa pigo moja, tena baada ya gharama zote kutangulia. Mpe shamba la namna hiyo mtu yeyote, mbakhili au mkarimu, msomi au asiyejua kusoma, na atahitaji mkopo kabla ya msimu, kwa kuwa matumizi yako mwanzoni mwa mwaka na mapato yako mwishoni.

Mikopo hiyo ilianza mapema. Wakati wa Seyyid Said kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa, kwa hiyo mtaji mkubwa wa mwenye shamba ulikuwa fedha za kununua binadamu, na fedha hizo nyingi zilitoka kwa matajiri wa forodhani. Kila mtu alipanda. Walipanda hata walioshauriwa wasipande, na kufikia miaka ya 1840 karafuu ilikuwa nyingi kuliko haja ya dunia; bei ikaanguka vibaya. Huo haukuwa uvivu. Ulikuwa uchapakazi wa kupita kiasi, wa watu wengi kufanya jambo moja la busara kwa wakati mmoja. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kikaja kimbunga kilichong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuipita Pemba bila kuigusa sana. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Seyyid Barghash akalazimishwa kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mwenye shamba wa Unguja akabaki na miti iliyolala chini, watumwa asioweza kuwanunua tena, na miaka 6 ya kusubiri miche mipya kwa fedha za kukopa. Mwenzake wa Pemba, mwenye dini ileile, malezi yaleyale, na arusi za kifahari zilezile, aliuza kwa bei iliyopanda kwa sababu karafuu ya Unguja haikuwapo sokoni. Tofauti kati yao ilikuwa upepo.

Namna ya kukopa nayo ilikuwa na umbo lake, na umbo hilo ndilo lililozaa mengi ya yale yaliyokuja kuitwa tabia. Riba ni haramu kwa Mwislamu. Njia iliyotumika zaidi katika mwambao na Omani ilikuwa bei ya khiyari: mwenye shamba "anamuuzia" mdai shamba lake kwa fedha anazozihitaji, na katika waraka uleule anabakiwa na khiyari ya kulikomboa kwa fedha zilezile katika muda uliotajwa, tuseme mwaka mmoja au miwili. Katika muda huo anaendelea kukaa shambani mwake kama mpangaji, akilipa kodi. Chukua mfano wa kubuni: shamba "limeuzwa" kwa reale 1,000, na kodi ni reale 100 kwa mwaka. Kila mtu anaelewa kwamba kodi hiyo ndiyo faida ya mkopeshaji, lakini hakuna aliyetamka riba, na kadhi anaridhika. Muda ukiisha na fedha hazipo, waraka unaandikwa upya. Mwaka ukiwa mbaya, kodi isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Mpango huu haukuwa na mwisho wa lazima. Ulimruhusu mwenye shamba abaki mwenye shamba machoni pa watu kwa miaka mingi baada ya shamba kuwa la mwingine katika karatasi, na ulimruhusu mdai apate faida ya kila mwaka bila kuingia matopeni kupalilia. Wote wawili waliupenda, kila mmoja kwa sababu zake.

Na waliandika. Nyaraka za namna hii zimehifadhiwa Zanzibar kwa maelfu, na wanahistoria wa zama zetu wamezisoma na kujenga juu yake vitabu vizima kuhusu uchumi wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ule usemi wetu wa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hauwezi kutumika hapa kirahisi. Mali hii ilipotea ikiwa na daftari, ikiwa na mashahidi, ikiwa na jina la baba na babu wa kila mhusika na mipaka ya shamba kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Habari zake zilikuwapo zote.

Ushahidi ulio mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa watu waliokopa kwa namna ileile wakatoka matajiri. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walikuwa wadaiwa sugu kuliko mwenye shamba yeyote. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, anaeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa kwa Kiswahili, jinsi alivyochukua bidhaa kwa mkopo, na mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Tharia Topan, tajiri wa Kikhoja. Aliondoka pwani karibu na mwaka 1870, akarudi Unguja mwaka 1882. Kwa miaka 12 mdai alikuwa akingoja fedha zake zilizotawanyika katika misitu ya mto Kongo. Mtu asiyejua mwisho wa kisa hiki angesema: huyu ndiye mfano wa mtu asiyejali kesho, aliyekopa asichokuwa nacho akaenda asikojua. Lakini Tippu Tip alikufa mwaka 1905 akiwa miongoni mwa watu wenye mali nyingi Zanzibar, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa mashamba ya karafuu. Alikuwa na ujasiri, ukatili na akili ya kutosha, hilo halina ubishi. Mali yake ilitoka katika kazi iliyobomoa nchi za watu. Ila kilichomlipia madeni kilikuwa bei. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 bei ya pembe ilikuwa ikipanda na bei ya karafuu ikiyumba na kushuka. Aliyekopa kwa pembe alionekana mwenye maono, na aliyekopa kwa karafuu alionekana mpotevu, ingawa pengine walikunywa kahawa katika baraza moja na deni la wote wawili lilisomeka katika daftari la mtu mmoja.

Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed akatoa amri iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria. Haki hiyo ilichelewa mno, na si nia yangu kuwasikitikia waliopoteza watumwa. Lakini tuone ilichokifanya katika mzunguko wa fedha. Walioachwa huru wengi walibaki mashambani kama wakaazi, wakilima muhogo na viazi chini ya mikarafuu, na hawakuwa tayari tena kupalilia bure siku tano kwa wiki. (Maofisa waliita jambo hili nalo uvivu, neno hilo lilikuwa na kazi nyingi siku hizo.) Kwa hiyo palizi ikawa ya fedha taslimu, na uchumaji pia. Msimu ulipofika, Wahadimu walitoka kusini na mashariki ya Unguja, watu wa bara walikuja, majahazi yakajaa kwenda Pemba. Mchumaji alilipwa kwa pishi, na mwaka ambao miti imezaa sana kila shamba lilimtaka mchumaji huyohuyo katika wiki hizohizo, malipo yakapanda. Mwenye shamba alihitaji fedha mkononi kabla ya kuuza hata ratili moja. Aliyekuwa nazo ni muuza duka wa karibu, na sharti lake lilikuwa dogo na la kawaida: karafuu zikishakauka, utaniuzia mimi.

Sharti hilo dogo ndilo kitovu cha jambo zima. Mkopeshaji akiwa pia ndiye mnunuzi, bei ya karafuu haiamuliwi tena na ushindani wa wanunuzi, na faida ya mkopo inaweza kujificha ndani ya mzani na bei. Wengine waliuza mavuno yakiwa bado mtini, miezi kadhaa kabla, kwa bei ya mtu mwenye njaa. Katika mapatano kama hayo, jitihada ya mdaiwa inazaa nini? Akikausha vizuri na kuondoa makonyo yote, ubora wa ziada unamnufaisha mnunuzi. Akijinyima mwaka mmoja akalipa nusu ya deni, mwaka wa pili miti haizai naye anarudi alikokuwa, sasa bila heshima ya mtu aliyewahi kuandalia watu. Mchumi anayefikiri kwa makini atakwambia kwamba katika hali hiyo kujinyima hakulipi, na mtu mwenye akili timamu hafanyi kwa miaka 30 jambo lisilolipa. Tabia ya "kutojali kesho" huenda ilikuwa hesabu sahihi ya kesho yenyewe.

Hapa ndipo tunapokutana na zile arusi na khitma. Sina sababu ya kukana kwamba ziligharimu. Watu walichinja, walipika mapilau kwa masufuria, walivaa. Ila gharama hiyo tuitazame kwa jicho la mwenye shamba wa mwaka 1910. Anahitaji mambo mawili kila mwaka: wachumaji watakaokuja kwake badala ya kwenda kwa jirani, na mkopeshaji atakayeamini kwamba yeye bado ni mtu wa kukopeshwa. La kwanza linategemea jina lake kwa wakaazi wa shambani na watu wa vijijini. Anayejulikana kwa mkono wa birika atachumiwa mwisho, wakati matumba yameshafunguka. La pili linategemea sura ya nyumba yake. Aliyeacha ghafla kuandalia watu alikuwa ametangaza kufilisika kwake, na wadai wote wangemfika siku moja. Karamu ilikuwa sehemu ya mtaji. Mtaji mbaya, pengine, na wapo walioupitiliza. Lakini kuuita ugonjwa wa moyo ni kusema kwamba mfanyabiashara wa leo anayekodi ofisi ya kioo mjini kwa fedha za benki ana kasoro ya malezi.

Wala serikali iliyokuwa ikihubiri uwekaji akiba haikuwa mtazamaji tu. Ushuru wa karafuu, uliokuwa robo nzima ya zao katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ndio uliokuwa nguzo ya mapato yake. Mtu anayechukua frasila moja katika kila nne kabla haijafika meli, kisha akaandika ripoti kuhusu kushindwa kwa mkulima kuweka akiba, ana ujasiri wa aina yake.

Pingamizi kubwa bado limesimama, na ni haki lijibiwe kikamilifu. Mhindi wa Kutch alifika Unguja akiwa kijana mwenye kifurushi kimoja, katika mji uleule wenye bei zilezile, na baada ya miaka 30 akawa na nyumba ya ghorofa. Hilo si tabia ni nini? Kwanza, ni kweli kwamba alikuwa na tabia zenye thamani: kuandika hesabu kila jioni, kuanza chini, kuishi pungufu ya kipato. Lakini tabia hizo zilikuja zimefungwa ndani ya kitu kingine. Kijana yule alipokelewa na jamaa au watu wa jamatini mwake, akapewa kazi ya ukarani, kisha bidhaa kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa mji, ambaye naye alikuwa akidaiwa Bombay. Alikuwa mdaiwa kama mwenye shamba, ila deni lake lilizunguka kila baada ya miezi michache kwa kufuata nguo, mchele na sukari, vitu vinavyouzwa kila siku. Anayeuza kila siku hujifunza kuhesabu kila siku. Angekuwa na mikarafuu 500 badala ya duka, daftari lake lingekuwa na ukurasa mmoja kwa mwaka.

Pili, hata hili la kutoingia kwenye mashamba, ambalo limesifiwa kama busara ya Kihindi, lina historia yake ya kisheria. Wahindi wengi walikuwa raia wa Uingereza, na mwaka 1860 balozi Rigby alianza kuwaachia huru kwa nguvu watumwa waliokuwa mikononi mwao, maelfu ya watu. Tangu hapo Mhindi raia wa Uingereza hakuweza kuendesha shamba la karafuu kwa namna iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo. Fedha zake zikaelekea kwenye biashara na mikopo, mahali ambapo hasara ya kimbunga ilimfika mwingine kwanza. Sheria ilimsukuma kwenye busara. Tatu, tunawahesabu waliofika tu. Wauza duka waliofilisika hawakuachia mji milango ya kuchonga wala misikiti yenye majina yao. Hata walio juu kabisa hawakuwa salama: Allidina Visram, aliyeanza kama kijana maskini kutoka Kutch na kutandaza maduka kutoka pwani hadi Uganda, alifariki mwaka 1916, na baada ya mwanawe kufa mwaka 1923 biashara ile ikasambaratika. Kama siri ingekuwa katika fikra peke yake, ingelirithika pamoja na jina.

Lipo pingamizi jingine, dogo lakini la maana zaidi kwangu. Si wote waliozama. Palikuwa na wenye mikarafuu, hasa Pemba, ambao hawakuwa na deni kubwa, na kwa nini wasihesabiwe kama ushahidi wa tabia njema? Wahesabiwe. Lakini tukiwatazama, tunakuta wengi wao ni wenye miti michache. Mpemba mwenye mikarafuu 40 alichuma yeye, mkewe na wanawe, akaanika juu ya mikeka uani, akala muhogo wake mwenyewe. Hakuhitaji fedha ya kumlipa mchumaji, kwa hiyo hakuhitaji sharti la muuza duka, au alilihitaji kwa uchache. Nakubali kwamba ndani ya kundi hilo mwenye bidii alimzidi mzembe, na aliyepanda mihogo ya akiba alimzidi aliyetegemea duka. Hapo ndipo tabia inapofanya kazi yake halisi: pale ambapo mapatano yanamwachia mtu matunda ya juhudi yake. Kiwango cha shamba kilitangulia, tabia ikafuata.

Ripoti za madeni zilipokamilika, serikali iliamua kutibu mioyo yote miwili kwa sheria. Strickland, mtaalamu wa ushirika aliyekuja mwanzoni mwa miaka ya 1930, alishauri kuhusu ushirika na mikopo; mwaka 1934 zikaja amri zilizozuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuhamia mikononi mwa wengine bila ruhusa ya Resident, mwakilishi wa Uingereza, zikasimamisha kwa muda uchukuaji wa mashamba yaliyowekwa rahani, na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1927. Matokeo yake yanafundisha. Muuza duka aliyejua kwamba hawezi kulichukua shamba hakuwa na sababu ya kukopesha juu yake, na mikopo ikakauka kabla ya kupatikana mkopeshaji mwingine wa kutosha. Serikali ya India ilimtuma K.P.S. Menon kuchunguza, naye hakupendezwa. Sheria ya mwaka 1937 ilipokiweka chama hicho katikati ya biashara yote ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi walisusa, na chama cha Congress huko India kikaunga mkono kususia karafuu ya Zanzibar, jambo zito kwa kuwa India ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa. Mwaka 1938 pande zote zilipatana. Aliyedhani kwamba mdai alikuwa kupe tu aligundua kwamba kupe yule alikuwa pia ndiye mshipa wa damu.

Ng'ambo ya maji, Tanganyika, watawala walikuwa wamechukua njia nyingine. Huko sheria ilimzuia mfanyabiashara kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika bila idhini ya ofisa wa serikali. Lengo lilitajwa kuwa kumlinda mwenyeji asizame katika deni. Hakuzama, ni kweli, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia majini. Naye akaja kulaumiwa, kizazi kimoja baadaye, kwamba hana mazoea ya benki wala utamaduni wa mikopo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 yale madeni ya zamani hayakuwa na maana tena. Mashamba makubwa yalitaifishwa, ardhi ikagawiwa eka tatu tatu, wadai wengi wakahama. Kama chanzo cha umaskini kingekuwa ulafi wa mkopeshaji, mkulima wa karafuu angeanza kutajirika hapo. Haikuwa hivyo. Mnunuzi sasa akawa mmoja, shirika la serikali, nalo kwa miaka mingi lilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei iliyopatikana nje. Wapemba wakachukua mkondo wa usiku. Magunia yalivushwa kwa majahazi na mashua hadi pwani ya Kenya, kwa hatari ya kifungo na ya bahari, na viongozi wakalalamika kwamba wakulima wamekosa uzalendo, ambayo ni namna nyingine ya kusema kwamba wana moyo mbaya. Mwaka 2011 serikali iliamua kupandisha bei kwa kiasi kikubwa, ikiahidi kwamba mkulima atapata takribani asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Hapakutangulia kampeni yoyote ya kubadili fikra za Wapemba iliyofanikiwa kabla ya hapo, ingawa zilijaribiwa nyingi. Msimu huo karafuu zilipelekwa vituoni, zikapimwa mchana, na waliozipeleka walikuwa ni walewale.